Madoa Matatu Nyuma ya Nizi

Papa Ukumu,

Nakuandikia kwa sababu naogopa, na weye ndiye niliyezoea kumwambia. Miezi saba tangu tukuzike, kiti chako pale ofisini Mudzipela hakuna anayekikalia. Picha za setilaiti bado zinakuja. Msitu bado unaisha. Kompyuta imebaki na mimi peke yangu.

Ulinikataza kupaka rangi nyekundu kwenye ramani kabla mtu hajaenda kwa miguu kuona kama miti imekatwa kweli. "Setilaiti inaona, lakini haiulizake," ulikuwa ukisema. Ulikwenda kuuliza, watu wa bunduki wakakuulia njiani. Tangu hapo mimi siendi. Napaka nikiwa nimekaa.

Ndivyo nilivyokosea. Niliona madoa matatu mapya katikati ya msitu, nyuma ya mji wa Nizi. Nikadhani ni wapasua mbao. Nikayapaka nyekundu, nikabandika ramani ukutani nje ya ofisi. Jumapili, kanisani, mama mmoja aliyekimbia vita kule Djugu akanieleza wanakojificha wenzake na watoto, wanakolima mahindi. Niliifuata njia yake kichwani, nikafikia kwenye madoa yangu. Yalikuwa mashamba yao.

Jumatatu nikakimbia kuibandua. Nilichelewa, Papa. Mwanaume wa bunduki alishasimama pale, kidole juu ya nyekundu. "Hapa ni banani banalima?" akauliza, akitaka majina ya wanaolima pale.

Nikasema, "Hapana watu, chef, mkubwa wangu. Ni wingu tu. Mashini inakosea."

Akacheka. "Basi wingu ikitoka, utanionyesha."

Anapita kila Jumatatu. Kila picha inakuja safi, na mimi naweka wingu jeupe kwa mkono wangu mwenyewe. Nisamehe. Weye uligomba siku nzima kwa sababu ya doa moja la uongo! Lakini kiangazi kimefika, na hata mtoto anajua kiangazi hakina wingu linalokaa pahali pamoja wiki tatu. Jumatatu iliyopita hakucheka.

Mama Ukumu amenipa buti zako. Ni kubwa, nimejaza matambara mbele. Kesho alfajiri natoka na yule mama, tutapita mashambani, si ile barabara waliyokuulia.

Lala salama, Papa. Nakuahidi, safari hii sitapaka kitu. Nitafika kwa miguu kama ulivyonifundisha, niwaambie wahame kabla ya Jumatatu.

Mwanafunzi wako,
Furaha