Sindano Ianzie Ndani

Tampere,
Jumapili mchana, Septemba.

Baba yangu Tauno,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa upande wa dirishani, kahawa ikiwa mezani na lile goti la kushoto likiwa na adabu katika baridi hii iliyoanza. Mimi sijambo. Masikio yangu bado yanasikia, ingawa mwaka niliponunua gita ulitabiri kwamba yatakufa kabla sijaolewa. Sijaolewa, lakini masikio ni mazima. Jarkko mpiga ngoma na Sanna wa besi wanakusalimu sana. Jarkko anauliza kama bado una ule msumeno uliomwahidi, nami nimemwambia asubiri kwanza tuone hali ya hewa ya nyumbani.

Nimesikia mama bado yuko Kuopio kwa mama mdogo Aune, kwa sababu ya goti la Aune, na kwamba wewe unakula viazi na samaki asubuhi na jioni. Hilo nitalirudia.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Baba, simu na sisi hatupatani. Nikikupigia tutasema mvua, bei ya dizeli na nani amekufa kijijini, kisha utasema "haya basi" na kukata. Karatasi haina pa kusemea haya basi. Nina ombi moja tu, na nakuomba ulitimize kabla theluji haijaanguka: uisikilize upya ile santuri yetu. Sababu yake utaiona huko mbele, usiruke mistari.

Mzee Reino amenisimulia yote. Usimgombeze, maana unamjua jirani yako, habari ikilala kwake usiku mmoja inamwasha mwili mzima. Alisema mama alikuwa msituni anachuma beri, ninyi wawili mkakaa mezani, ukaifungua bahasha niliyotuma, ukaiweka santuri kwenye gramafoni na kubonyeza kitufe. Ule mkono wa sindano ukajiendea wenyewe ukingoni, ukajilaza. Ikatoka sauti ya mwanamke anayepiga ukelele kati ya gita zinazonguruma: Heluna. Kisha Heluna. Kisha Heluna tena. Mkangoja wimbo uendelee, haukuendelea. Kahawa ikapoa. Reino akakuuliza kama wimbo umekwama au ndivyo watu wa Tampere wanavyoimba siku hizi.

"Haujakwama," ukamwambia. "Ananiuliza ng'ombe."

Ukainuka. Tangu siku hiyo, anasema, jina langu hujalitaja, na santuri umeigeuza kifuniko cha ndoo ya samaki wa chumvi kule chini ghalani.

Nisikufiche, nilikasirika. Kazi ya miaka mitatu kufunikia samaki! Baadaye nikacheka, na nilipomaliza kucheka nikakuta ninalia jikoni kama mtoto.

Baba, muziki wetu hukuusikia. Ulisikia mwisho wake, basi. Santuri zako zote huanzia ukingoni na kuingia ndani. Hii yetu huanzia ndani, pale karibu na karatasi ya katikati, na sindano husafiri kwenda nje. Imeandikwa kwenye kipeperushi kilichomo kwenye bahasha, lakini mtu aliyenunua trekta tatu bila kufungua kitabu cha hata moja, kipeperushi atakisomaje? Tulipaswa kulifikiria hilo. Halafu uliweka upande wenye picha ya ng'ombe. Wa kwanza ni ule wenye picha ya ndoo. Hilo nalo kosa letu, kwani ni mfugaji gani atachagua ndoo amwache ng'ombe? Basi sindano ikaangukia kwenye mfereji wa mwisho kabisa, ule ambao tuliufunga makusudi ujizunguke, na mfereji huo hauna zaidi ya neno moja.

Tuliigeuza kwa sababu ya Pirjo, mama mmoja wa Helsinki ambaye kazi yake ni kuchonga santuri. Alipousikia muziki wetu alitugombeza. Alisema tunaanza kwa kunong'ona na kumaliza kwa kubomoa nyumba, na huko katikati ya santuri duara ni dogo, sauti kubwa inabanwa na kukwaruza. Akatushauri kelele ziwe mwanzo, kama wafanyavyo wenye akili. Tukakataa. Kelele isiyotanguliwa na kimya inakusumbua tu, hujui imetoka wapi wala inataka nini. Tulibishana naye mpaka akachoka, ndipo akasema basi tuanzie ndani, hasira iangukie ukingoni kwenye nafasi pana. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nikwambie ulichokikosa. Mwanzo ni wewe. Unakumbuka bibi aliponipa kinasa sauti nikiwa darasa la tatu, nikawa namfuata kila mtu nacho? Kuna kaseti moja niliirekodi zizini wakati wa kukamua. Inasikika mashine ya kukamulia ikipumua, na juu yake unamnyamazisha ng'ombe wetu Heluna wa zamani, bibi yake huyu wa mwisho, kwa wimbo wa kanisani ambao maneno yake uliyasahau ukabakiwa na mmm. Jarkko alichukua mwendo wa ngoma zake kwenye pumzi ya ile mashine. Mimi napiga uzi mmoja. Sanna anaingia polepole, kama mtu anayeogopa kuwashtua ng'ombe. Upande mzima unakwisha na hakuna aliyepaza sauti. Vijana wanaokuja kutusikiliza, wenye nywele ndefu na makoti ya ngozi, hufumba macho wakasimama wima kama wanangoja gari la maziwa.

Upande wa pili ndiko mambo yanakojaa. Yanajaa kama theluji juu ya paa, huwezi kuonyesha punje ukasema hii ndiyo iliyovunja boriti. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi tumejaribu kukipigia gita kimya chetu.

Unajua ni kimya gani. Mwaka wa tisa huu tangu ulipowauza ng'ombe wote. Bei ya maziwa ilikuwa imeanguka, magoti yako yamekwisha, na mimi nilikuwa nimeshakimbilia mjini na gita. Ulipanga lori lije siku ambayo mama alikwenda Kuopio kwa daktari wa macho. Alirudi jioni, akavaa nguo zake za zizini, akaingia, akatoka, akapika kahawa. Kesho yake alinipigia simu. Alisema hali ya hewa ni nzuri na ng'ombe wamekwenda. Nikamwuliza wamekwenda wapi, akasema haya basi. Tangu hapo, kwenye meza ile, hakuna aliyelitamka jina la ng'ombe hata mmoja. Hata maziwa mnanunua dukani na kuyamimina kwenye jagi kabla hayajafika mezani, ili boksi lisionekane.

Ulidhani nakulaumu. Sikulaumu, baba, na hili nalisema wazi kwa sababu tumezoea kuachiana tubahatishe. Reino aliniambia pia kuhusu siku ile ya lori, maana yeye alikuwapo kushika lango. Alisema ulimkataza dereva asiguse fimbo. Uliwapandisha mwenyewe mmoja mmoja kwa majina yao, na Heluna alipogoma kwenye ngazi ulisimama naye shingo kwa shingo ukamwimbia ule mmm wako mpaka akapanda. Kisha ukakaa nyuma ya ghala hadi ilipofika saa ya kwenda kumpokea mama kituoni. Mama hajui hata neno moja la hayo. Anachojua ni kwamba aliondoka nyumba ina ng'ombe na aliporudi haina. Sikumwambia mimi, kwa sababu si langu la kusema.

Sasa nifike pale nilipokuwa napazunguka, maana mimi pia ni mtu wa kwetu Savo, njia iliyonyooka inanitia wasiwasi.

Ile sauti si yangu.

Februari mama alipokuja kunitembelea na mikate myeusi, nilimpeleka studio. Alikaa kwenye kona anafuma soksi, masikioni amevaa vile vizuia kelele vyako vyekundu vya trekta. Tulikuwa tumekwama kwenye mwisho. Mimi nilikuwa napiga ukelele tangu asubuhi na kila ukelele ulitoka wa uongo. Mama akavivua vile vizuia kelele.

"Heini," akasema, "unalia kama mtu aliyejikwaa kidole. Kwa sauti hiyo hata ndama haji."

Nikamwambia kwa hasira basi aite yeye. Sikutegemea kwamba angekubali. Aliiweka soksi juu ya kiti, akasimama, akatupa mgongo akaelekea ukutani, na akaita. Mara ya kwanza aliita kama alivyokuwa akiita kutoka shamba la ziwani wakati wa kukamua, taratibu, sauti inapanda mwishoni. Akanyamaza, kama anasikiliza kengele. Akaita tena. Aliendelea hivyo, na kila mara kimya kilikuwa kifupi zaidi, mpaka ikawa haiti tena, anapiga ukelele tu. Baba, nina miaka thelathini na minne na sikuwahi kumsikia mama akipaza sauti, hata siku niliyoangukia kwenye shimo la samadi. Jarkko alishusha vijiti. Sanna alitoka nje. Mama alipomaliza alirudi kwenye soksi yake, akauliza kama kuna kahawa, kisha akatuomba tusikwambie. Alisema atakwambia mwenyewe siku mtakapoisikiliza pamoja.

Alitaka kukaa nawe mezani, baba, tangu mwanzo, tangu kwenye mmm wako. Hakujua kwamba bahasha ingefika yeye yuko msituni. Alirudi na beri zake, akashuka ghalani kuchukua samaki wa chakula cha jioni, akaiona sauti yake iko juu ya ndoo. Hakusema kitu, na unajua kwamba hakusema kitu, kwa sababu ulikula samaki hao. Asubuhi yake alipanda basi.

Goti la Aune halina lolote. Juzi lilikuwa linacheza dansi kwenye ukumbi wa wazee. Jumapili iliyopita nilimwambia mama kwamba hukujua, kwamba ulifikiri ni mimi, na kwamba hukupitia hata mwanzo wake. Hakuuliza mvua wala dizeli.

"Mwambie ni mimi," akasema. "Mwambie nilichosema sikukisema kiwe kifuniko. Akisikiliza mpaka mwisho, ajue nasubiri. Asiposikiliza, Aune ana chumba."

Nimemaliza kusema ya watu, sasa nasema yangu. Nenda ghalani. Ioshe santuri kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, uifute kwa kitambaa laini kama ulivyokuwa ukifuta chuchu kabla ya kukamua, kwa kuzunguka, usikwaruze. Geuza swichi ya pembeni ya gramafoni ili mkono ule usijiendee. Anza na upande wa ndoo. Sindano ianzie ndani, uishushe mwenyewe kwa kidole. Mwanzoni utadhani hakuna kitu. Vumilia, huyo ni wewe. Usimwite Reino siku hiyo.

Ukimaliza, mama usimpigie simu, maana mtaishia kwenye hali ya hewa. Washa gari, nenda Kuopio, ukamwambie Heluna alipandaje lile lori. Mwambie vile ulivyomwimbia. Ukishindwa maneno, imba, yeye ataelewa.

Nisalimie mzee Reino na umwambie nampenda pamoja na mdomo wake. Salimia ziwa, salimia sauna, na paka kama bado anakutambua kwa harufu ya samaki. Jarkko anasema msumeno unaweza kungoja.

Nusura nisahau jambo moja. Santuri hii haijizimi. Sindano ikifika kwenye mfereji wa mwisho itazunguka hapohapo, na mama ataendelea kuita usiku kucha mpaka mtu ainuke akainyanyue. Tafadhali, baba, inuka.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Heini Tossavainen