Kwa Mama Luan Fengxia, Aliyewafunga Madereva Kitambaa Chekundu

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipofumba macho kitandani mwako, saa ya uji wa asubuhi, ukilalamika kwamba umepikwa mzito. Hukutuachia wosia. Ulituachia makosa yetu, kama kawaida yako, na leo tungetoa chochote tukosolewe tena.

Ulipanda lori na Baba miaka mingi, kama wake wengi wa madereva hapa Qiaozhuang. Mlibeba vitunguu saumu kutoka kwetu Shandong hadi Guangzhou. Ulipika tambi kwenye jiko dogo nyuma ya viti, ulilinda dizeli isinyonywe na wezi wakati yeye amelala, na usingizi ulipomjia njiani ulimsimulia umbea wa kijiji kizima mpaka akaamka kwa hasira. Goti lilipokataa kupanda ngazi ya lori, ukaenda mjini kusomea ualimu wa afya na usalama barabarani. Ulirudi na cheti, kipimo cha presha na maringo.

Shabaha yako ilikuwa moja, na sote tuliijua: Baba Mdogo Dekui. Ulipoolewa ulimkuta mtoto asiye na mama, ukamwogesha, ukamlisha, ukampeleka shule. Sasa alikuwa dereva mnene, anayekoroma kama trekta, kisogo kinamuuma kila siku, anatafuna pilipili asisinzie. Mwaka ule uliporudi na cheti, usingizi ulimchukua barabarani akazinduka lori linakwaruza ukingo. Alilisimulia kama kichekesho mezani. Wewe peke yako hukucheka.

Lakini madereva wetu hukutana nyumbani Mwaka Mpya tu, na katika Mwezi wa Kwanza kwetu hakutajwi ajali, ugonjwa wala kifo, kwani kutaja ni kukaribisha. Ulizaliwa humu humu, ukayajua hayo yote, na bado somo lako la kwanza, katika ukumbi wa kijiji, ulilifungua kwa picha kubwa ya lori lililopondeka. Mzee Geng, dereva mkongwe kuliko wote, akainuka na stuli yake mkononi.

"Mwezi wa Kwanza huu, mama. Si ungetuletea jeneza kabisa tukae juu yake?"

Wote wakamfuata. Dekui alikuwa wa mwisho mlangoni. "Shemeji, mimi kwako nimezoea kuja kula," alisema. "Haya mengine yatanipotezea hamu." Tulikuonea huruma, Mama, ingawa kosa lilikuwa lako na ulilijua.

Jioni hiyo tulikula samaki. Katika nyumba ya dereva samaki hageuzwi sahanini, lori nalo lisije likapinduka. Baba alimaliza nyama ya juu, akauvuta uti wa mgongo akauweka kando, akaendelea na ya chini. Ukamkazia macho, ukaweka vijiti vyako mezani.

"Hajageuzwa, na ameliwa wote," ulisema.

"Mmeona sasa," Baba akatuambia, "mama yenu kaanza kuchanganyikiwa."

"Ndiyo kwanza akili inarudi. Nitawafundisha kila kitu, na hilo baya silitaji."

Ukangoja mwaka mzima, na mwaka huo Dekui alikuwa barabarani na kila simu ikilia uliikimbilia.

Kwetu lori halianzi safari ya kwanza ya mwaka bila kitambaa chekundu kwenye vioo vyake, na vya kijiji kizima ulikuwa ukivishona wewe. Asubuhi ya kuondoka, malori yamejipanga na fataki zinangoja kuwashwa, tulikukuta umeketi kwenye njia ya kutokea. Ule mkanda wa kipimo cha presha ulikuwa umeushonea ala nyekundu.

"Mkono kwanza, vioo baadaye," ulitangaza. "Mwaka huu heri inaanza na dereva."

Mzee Geng akainama kuchungulia. "Hicho si kidude cha hospitali?"

"Unaona nyekundu au huoni?"

"Naona."

"Basi leta mkono, unachelewesha wenzako."

Akautoa. Na mzee akishatoa mkono, nani mwingine atakataa? Foleni ikajipanga. Kila uliyemfunga ulimpa somo lake palepale: anayefika salama hulala kabla hajachoka, anayefika salama hunywa maji wala haogopi kusimama njiani kukojoa, anayefika salama hufunga mkanda hata akienda hapo tu. Hukutaja baya hata moja. Walicheka, wakaitikia, wakaenda.

Dekui alikuja anafanya mzaha. Ulitazama kipimo, ukamfunga tena, ukatazama.

"Sema basi, Shemeji."

"Nasema kitambaa chako hakijakaza. Kitakazwa mjini, kwa daktari. Twende."

"Na vitunguu vyangu?"

"Mwanangu Jinrui atavipeleka. Jinrui, panda."

"Lori ni langu, ati."

"Na mkono huu ni wangu. Nimeuosha tangu una makamasi."

Watu wakaangua kicheko. Dekui akakupa ufunguo.

Alilazwa siku hiyo hiyo. Daktari alisema presha yake ilikuwa imepanda kiasi cha kumwangusha wakati wowote, na kwamba akilala hukosa pumzi, ndiyo maana mchana usingizi ulimbeba. Alipotoka alirudi barabarani, taratibu, na mkoba wa dawa. Mwaka uliofuata madereva wa vijiji jirani walikuja kufungwa chekundu kwako, na wake zao ukawafundisha kupima wakiwa safarini. Ulivimba kichwa, Mama, na ulistahili.

Mwaka Mpya huu nyumba yetu ilikuwa na msiba, na mwenye msiba hagusi chekundu. Tulifunga lango tukidhani kazi yako imekwisha. Tukasikia vishindo nje. Wake wa madereva walikuwa wamejitwalia kazi, na wanaume wamekunja mikono ya makoti kwenye baridi ile, foleni hadi kwenye duka la matairi, bila kuitwa na mtu. Wawili walikutwa presha iko juu, wakashuka wenyewe kwenye malori yao. Tulilia kwa furaha, hatuoni haya kusema.

Wanaokukumbuka: mumeo Qiao Deshun, anayejipikia uji na kukiri kwamba wako ulikuwa bora, mwanao Jinrui na mkewe Miao Xin, walio njiani kwenda Guangzhou leo hii, bintiyo Lanzhi, aliyeandika haya, na mjukuu wako Tangtang.

Na shemeji yako Qiao Dekui. Tangazo kama hili lina wanaokumbuka na anayekumbukwa. Yeye yuko upande wetu, wa wanaokumbuka, Mama, na aliyemweka huku ni wewe. Siku zote tutakutaja kwa jina.