Mke wa Khalfani Anavaa Namba Ngapi

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Ijumaa, baada ya adhuhuri.

Mama yangu Bi Moza,

Shikamoo mama, na shikamoo tena ya pili, maana ya kwanza najua hukuiitikia, ulikuwa unamshangaa huyo aliyesimama mlangoni na begi kifuani. Ndiyo, ni yeye, mumeo Khalfani, mzima kabisa, na wala hakuna msiba. Moyo ushuke. Nimemwapisha asiseme neno mpaka uimalize barua hii, na kwa mtoto wa miaka saba ambaye hata usingizini anaongea, hiyo ni adhabu kubwa, kwa hiyo soma bila kusimama. Mpe maji kwanza, safari ya basi humchafua tumbo. Shaibu naye bila shaka kabaki barazani anajifanya anafunga kamba za viatu. Unazijua haya zake kwa mkwewe. Mwambie aingie. Hilo begi usilifungue bado.

Mgongo unaendeleaje? Na ule mnazi ulioinamia jiko, umeshakatwa au bado mnaogopana? Ningekuuliza yote haya kwa simu, lakini simu yako, mama, ni ya mtaa mzima. Ukiipokea unaweka sauti juu, na Bi Maimuna jirani yako ananijibu kabla yako. Nami nina neno linalotaka uwe peke yako.

Huku sisi wazima. Nyumba ya Bi Mwanamkuu ingali imesimama, ya chini peke yake, maghorofa yameizunguka pande tatu kama watu wazima wanaomuinamia mtoto. Siku hizi jua linaingia uani saa sita mpaka saa nane tu. Saa hizo wapangaji wote tunakimbilia huko na nguo mbichi, na magodoro yaliyokojolewa, na mchele wa kupepeta, na kelele za mtaani zinafifia kidogo, sijui kwa joto au kwa njaa. Zamzam wetu, aliyetimiza miaka miwili, hujilaza katikati ya hayo yote juu ya kipande cha jua. Kikisogea naye anasogea. Mwisho kinapanda ukutani, naye anabaki amenyoosha mkono anakiita. Mimi nikiwa nyumbani hukaa nikimtazama mpaka maharage yanaungua.

Shaibu yuko bandarini kama kawaida, zamu za usiku ndizo nyingi. Asubuhi akirudi anajitupa kifudifudi, na Ummy humwekea daftari mgongoni akaandikia hapo kazi ya shule, anasema baba ni meza isiyotikisika. Ummy ana miaka kumi sasa na karithi ulimi wangu. Anawaiga wamachinga wote wa mtaa huu, wa soksi, wa sumu ya panya, mpaka yule wa kahawa ambaye haongei.

Sasa tuje kwa mumeo. Mama, wewe ndiye uliyeanza. Alipotoka arobaini ulimpakata ukamwita mume wangu, kwa kuwa kabeba jina la baba, na Ummy ukamwita mke mwenzio ukamtania kwamba atakuibia bwana. Sote tulitaniwa hivyo na bibi zetu, tukakua, tukajua ni utani. Huyu hajajua. Huyu kaichukua ndoa nzimanzima. Na mimi sikusaidia, maana namwita baba, na nikitaka kumchapa mkono unasita hewani. Namchapaje baba yangu?

Mwezi uliopita mwalimu wake, Mwalimu Josepha, aliniita shuleni. Aliwaambia watoto wachore familia zao, na Khalfani akachora mwanamke mwenye mvi, peku, akaandika chini yake kwamba huyu ni mke wangu, yuko Kilwa. Alipoulizwa akaeleza kwa utulivu kwamba mkewe ana miaka sitini na nane, anapika samaki wa nazi kuliko mtu yeyote, na kwamba wanaishi mbalimbali kwa sababu ya chumba. Mwalimu Josepha kwao Masasi, utani huu anaujua, alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Lakini aliponisindikiza getini akaniuliza taratibu hicho chumba kina shida gani. Nikamjibu ni hadithi ndefu. Mama, haikuwa ndefu.

Kumbe hayakuishia hapo. Chuoni, Ustadhi Abdulmajid alikuwa akiwasomesha wakubwa haki za mke, chakula, mavazi na makazi, na mumeo aliyetakiwa awe anasoma alifu na bee alikuwa katega masikio. Akarudi nyumbani na uso wa mtu mwenye madeni. Akaniambia chakula unacho, mihogo na nazi ni zako. Kanga unazo. Lakini katika picha yake alikuchora peku, kwa sababu hakukumbuka kukuona na viatu. Akaniuliza mkewe anavaa namba ngapi.

Mama, mimi ni muuza viatu. Huu mwaka wa tisa nimekaa Mchikichini nyuma ya meza ya mitumba, nikisugua soli kwa mswaki, na watu siwajui kwa sura, nawajua kwa miguu. Mguu ukipita tu naitaja namba yake kabla mwenyewe hajainama. Benedikta, jirani yangu wa meza, anasema nina jini la viatu. Nikafungua mdomo kumjibu mwanangu, nikakuta sina namba. Miguu ya nusu ya Dar naijua, ya mama yangu siijui. Nikamwambia thelathini na nane. Nilijua naongopa, na yeye alijua.

Ndiyo maana siku ile alikupigia akakuamuru upime unyayo kwa shubiri. Ulidhani ni mchezo, ukampimia, ukasema shubiri moja na vidole viwili. Jumamosi akaja mezani kwangu, akapima kiatu kimoja kimoja kwa shubiri yake yeye. Nilitaka kumwambia kwamba mkono wake na wako si sawa, lakini nilivyomwona anavyong'ata ulimi kwa umakini nikanyamaza. Dada yake hakunyamaza, alimwambia hivyo ni vya mtoto. Akamjibu kwamba yeye ndiye mume, anamjua mkewe.

Kulibaki makazi. Jumatano ya wiki iliyopita nilirudi mapema, saa nane hivi, jua la uani likimalizikia. Loh! Nikakuta mnada. Viatu vyangu vyote ninavyoviweka akiba, vile vya chumba cha pembeni, vimepangwa uani mstari kwa mstari, raba, makubazi, vya harusi, vya shule. Ummy kapanda juu ya ndoo anavinadi kwa sauti ya yule wa sumu ya panya. Wapangaji walidhani nahama, wapita njia wakadhani bidhaa mpya, wakajaa. Mguu mmoja wa kushoto alikwishamuuzia Rachel anayekaanga chipsi mlangoni, na wa kulia kaenda nao kijana wa mkokoteni, na kila mmoja aliapa kwamba ndivyo alivyouziwa. Bi Mwanamkuu, mwenye nyumba wetu, mama wa miaka sabini na tano, alikuwa kakaa juu ya kibao cha mbuzi anajaribu raba za kukimbilia.

Nilimtafuta Khalfani nimchape, nikasema leo baba utanisamehe. Nikamkuta ndani ya kile chumba. Alikifagia, akanyunyiza maji vumbi likalala, akatandika mkeka, akabandika ile picha yako ukutani. Zamzam kalala juu ya mkeka usingizi wa pono. Dirisha lilikuwa wazi na lile jua la mwisho lilikuwa limeingia humo, sijui kwa njia gani, mimi katika miaka miwili sijawahi kuliona humo, kwa sababu viatu vilikuwa vimeziba dirisha. Nikasimama mlangoni na kandambili yangu mkononi. Mama, kwa muda kidogo niliisahau ile kandambili ni ya kazi gani.

Akaniambia mkewe atalala hapa. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini viatu vilipewa chumba kabla ya mkewe.

Alijibu Bi Mwanamkuu kutoka uani, raba moja ikiwa mguuni. Alisema mbele ya watu wote kwamba chumba hicho alinipa yeye mwaka juzi, kwa ajili ya mama yangu aliyefiwa, na kodi ya mwezi wa kwanza akanisamehe. Wanunuzi wakavirudisha viatu chini. Hata Ummy akashuka kwenye ndoo.

Hilo ndilo neno langu, mama. Ulipotoka eda ulinipigia ukaniambia nyumba imekuwa kubwa, unaongea na sufuria, ungependa kuja kukaa nami hata mwezi mmoja. Nilikwambia chumba hakuna, Dar imejaa. Ukasema si kitu mwanangu, na wiki ile ile ukanitumia nazi gunia zima. Chumba kilikuwepo. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu nikiongea na wewe. Nilivipa viatu chumba, mama yangu nikakunyima, na nazi zako nikazila.

Haukuwa uchoyo, wallahi. Niliogopa. Nyinyi wawili, wewe na baba, sijawahi kuwaona mmoja mmoja. Hata matangani nyumba ilijaa watu, sikupata kuona vizuri nani hayupo. Ukiwa huko Kilwa mimi naweza kukaa mezani kwangu, jua likinichoma, nikafumba macho nikasema wewe uko jikoni, na baba yuko nyuma ya nyumba anachonga mpini, atakohoa sasa hivi. Lakini ukija huku, ukashuka kwenye basi, na nyuma yako asishuke mtu, basi itakuwa kweli. Nilikuacha peke yako na sufuria ili baba yangu asife. Huo ndio ukweli, na nimeuonea haya miaka miwili.

Nikwambie na la kijinga zaidi. Mwezi wa Ramadhani mguu ulipita mbele ya meza yangu, namba arobaini na tatu, kidole cha mwisho kimepanda juu ya mwenzake, kisigino kimepasuka. Mguu wa baba kabisa. Sikuinua macho, mama, niliogopa kuona sura. Niliinuka nikaufuata. Niliacha meza, nikafuata kisigino kile katikati ya mikokoteni na mabelo ya mitumba na watu, nikavuka barabara, nikaingia Kariakoo, sisikii kitu, kama natembea ndani ya maji, na moyo wangu ulikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Kwenye duka la vyandarua mguu ukasimama, na mwenyewe akageuka. Mzee wa watu, mpole. Alinipa salamu akadhani nimepotea. Nilirudi Mchikichini, Benedikta kaniangalizia meza, akanisogezea kitambaa nijifute jasho, nami nikajifuta macho.

Basi nimeshasema. Ukiwa na hasira nami, una haki. Njoo nayo hiyo hasira, chumba kinatosha. Viatu tumevisukumia uvunguni mwa kitanda chetu, Shaibu anajigonga goti kila akirudi na hajalalamika hata mara moja. Yeye ndiye aliyeomba ruhusa kazini amlete Khalfani, akasema mume hatumi mtu kumchukua mkewe, anakwenda mwenyewe. Bi Mwanamkuu kakutengea kiti chako pale jua linapoanzia, na ananiambia kila siku kwamba hakijakaliwa. Usije kwa ajili ya watoto, watoto wanaweza kukungoja mpaka likizo. Njoo kwa ajili yangu. Nataka ushuke peke yako kwenye basi, nami niwe nimesimama pale nikuone, nilie mara moja yaishe.

Sasa fungua begi. Naomba usicheke mbele yake. Kipimo ni chako, ila shubiri ni yake, na hivyo viatu havimtoshi hata yeye mwenyewe. Alivisugua siku mbili kwa mswaki wake wa meno, nami nikamnunulia mwingine. Mwambie ni vizuri, lakini kwa safari ndefu hutaki kuvichafua, utavibeba mkononi. Mimi namba yako bado siijui. Ukifika utakaa kwenye kile kiti changu cha Mchikichini wanachokaa wateja, utanipa mguu wako, nikupime mwenyewe.

Nisalimie Bi Maimuna, mwambie nimemkosa kwenye simu. Ummy, mke mwenzio, anasema anakusubiri mgombane. Zamzam hana neno, amelala. Kaburi la baba lipitie kabla ya kusafiri, umwambie kwamba Hajira amekubali.

Juzi Khalfani aliniuliza afanye nini mkewe akikataa. Nikamwambia akuulize mwenyewe. Basi mama, nimemaliza. Mruhusu mumeo aseme.

Mwanao,
Hajira