Chai Nusu Kikombe

Mama watoto,

Fulana uliyonifumia imenifaa sana, kwani huko angani baridi hupenya hadi mifupani. Sisi tu wazima, isipokuwa uchovu, ambao hata usingizi hauuondoi.

Wenzangu wana desturi niliyoidharau. Kabla ya kuruka usiku kwenda kudondosha mabomu, kila mmoja hunywa chai nusu na kukifunika kikombe kwa kisahani, ili arudi kuimalizia. Mimi, msoma ramani wao, nilikuwa nikiimaliza yangu.

"Mwalimu huyu," mpiga bunduki wetu alizoea kunitania, "hata kifo atakisahihisha kwa kalamu nyekundu."

Juzi aliazimwa na ndege nyingine, nayo haikurudi. Kikombe chake kingali mezani, na hakuna athubutuye kukiosha.

Mkuu wa kituo ameniruhusu nibaki chini, nifundishe wageni kusoma ramani. Najua ungependa nimjibu nini. Rubani wangu hakunisihi. Aliuliza tu, "Sasa nani atatuonyesha njia ya kurudi, kaka?"

Nisalimie watoto. Jioni hii nimekunywa chai nusu, kisha nikakifunika kikombe.

Mumeo