Neema Amepanda Mungazi

Papa,

Habari hii siwezi kuiweka mpaka tutakapoonana huko uliko. Nitapasuka! Neema, mjukuu wako uliyemwacha anatambaa, leo amepanda mungazi, mchikichi wetu wa nyuma ya nyumba. Peke yake, Papa! Mpaka juu kabisa, kwenye ngazi zenyewe, zile chikichi nyekundu!

Unakumbuka kule Mboko ulivyonivalisha suruali yako, ukaifunga kamba kiunoni, maana kwa kikwembe mtu hapandi mti? Bamama waliokuwa wanatoka shambani na mihogo wakasimama kucheka. "Weye, huyu mutoto yako ataota ndevu!" Ukanizungushia mkanda, mgongo na shina pamoja, ukaukaza. "Wacha bacheke," ukasema, "we tazama pa kuweka muguu." Nilikupenda sana siku ile.

Sasa sikia. Wapandaji wote wa hapa Baraka wamekimbilia dhahabu, ngazi zinatuozea juu. Neema akasema, "Mama, unifundishe." Nikamfundisha. Habari zikafika Nundu kwa wifi yangu, na mdomo wake unaujua. Leo asubuhi akateremka kwenye pikipiki: amekuja kumchukua Neema akakae kwake, afunzwe kuwa mwanamke, maana eti msichana anayepanda mungazi hazai. Mimi niliyezaa watano! Mume wangu mbele ya dada yake huwa hana neno. Nikaona mtoto anaondoka hivi hivi.

Kumbe Neema mwenyewe alishajifunga mkanda. Tulipotokea nyuma ya nyumba alikuwa anakaribia juu, panga kiunoni. Wifi akapiga yowe: "Neema! Shuka! Utaniua na presha!" Mtoto hata hakutazama chini. Panga likalia ta, ta, ta, na mkungu mzima wa ngazi nyekundu ukaanguka, puu! Karibu umponde shangazi yake miguu.

Wifi akainama, akachomoa ngazi moja, akaibinya kwa kucha. Mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kiganja. Akainua uso.

"Neema, ngoja kwanza. Usishuke. Kata na ule mkungu wa upande wa kuume."

Nilicheka mpaka nikakaa chini! Amerudi Nundu bila Neema, Papa. Kitu alichoomba ni kimoja tu: mtoto aende Jumamosi akampandie na mingazi yake, na jioni arudi kwa mama yake.

Pumzika vema. Nakwenda kuchochea moto, mawese yanachemka.

Binti yako, ambaye leo hakamatiki,
Mama Neema