Kipara cha Baba

Jumapili, Kitengela

Na vile Baba amekuwa akiniambia miaka yote! "Hicho kipara umetoa kwa wajomba zako." Mimi nikaamini, hata Krismasi iliyopita nikamlaumu Mama mbele ya wageni kwamba ukoo wao ndio uliniharibia kichwa.

Leo nimeenda Ewuaso kumwona Baba. Siku zote kichwa chake hunyolewa chote, lakini sasa ni mgonjwa, wiki tatu hajanyolewa. Nywele zimeota pembeni tu. Utosini panang'aa kama kwangu! Na daktari alishaniambia kipara hurithiwa kutoka pande zote mbili, nikabishana naye.

Niko na hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Baba ni mwongo. Lakini Mama ndiye humnyoa kila Jumamosi. Alijua. Nilimuuliza hukohuko Ewuaso, kabla sijarudi:

"Mama, mbona hukusema?"

"Ili umwaibishe yeye pia mbele ya wageni?" akajibu, akachukua wembe.