Fulana Niliyoivaa Juu ya Sweta

Ijumaa jioni, Juni. Sumbawanga, baridi ya kukunja vidole.

Shajara yangu, leo nimeshindwa, na sijawahi kushindwa nikiwa na furaha namna hii.

Nianzie mwanzo, maana wiki mbili sijakuandikia. Chuo chetu kidogo cha kompyuta hapa Katandala kinaanza darasa jipya Jumatatu: kutengeneza na kuendesha tovuti. Ipo mifumo inayorahisisha kazi hiyo. Ukishaiweka, mtu yeyote anaandika habari yake, anabofya, na dunia inaisoma. Ni programu huria, hailipiwi, na inayotajwa sana ni mitatu: Joomla, Drupal na WordPress. Kompyuta zetu ni chache na muda ni miezi mitatu tu, kwa hiyo lazima tufundishe mmoja.

Mimi ni mtu wa Joomla. Niliujifunza kwa machozi kwenye semina Mbeya, nikarudi na fulana yenye jina lake na madaftari mawili ya notsi. Nilitaka darasa hilo liwe langu na liwe la Joomla. Nilishatangaza mpaka kwenye kwaya.

Mkuu wetu, Mzee Nikodemo, akasema tusibishane, tukaulize watu. Yeye ni mtu wa enzi za duka la ushirika, sabuni aina moja, na hakuna aliyekuuliza unapenda ipi. Tangu biashara huria iingie, kuchagua kunamfurahisha kama mtoto. "Waulize wanaotunza tovuti, mjini na huko nje," akaniambia. "Wanachotumia wengi ndicho tutakachofundisha. Hawa wanafunzi wakimaliza, wapate pa kushika."

Nikachapa fomu. Wenye tovuti huku kwetu wanahesabika: nyumba mbili za wageni, shule moja, wakulima wa Kasense, watu wa mizigo kule bandarini Kasanga, na wengine wachache. Nikavaa fulana yangu. Na kwa kuwa Juni ya huku Ufipa haina huruma, niliivaa juu ya sweta, jina likakaa kifuani kama bango.

Kila nilikoingia nilipokewa vizuri mno. Kiti, chai, mahindi ya kuchemsha, habari za nyumbani. Baada ya hapo wanachukua kalamu, wananitazama, wanatabasamu, wanaweka alama kwenye Joomla. Kasanga nilienda kwa lori na kurudi na migebuka mikavu, samaki wa ziwani, niliyofungashiwa, na Joomla nyingine. Fomu zote! Nilirudi naimba.

Sikushangaa hata kidogo, na hapo ndipo nilipopaswa kushangaa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye duka la intaneti, nachapa ripoti yangu ya ushindi. Akaja kuketi pembeni yangu Mama Skola, mwalimu mstaafu, katibu wa kikundi cha wakulima wa mahindi na ulezi Kasense. Siku chache nyuma alikuwa amenikaribisha togwa huku akinijazia fomu. Sasa alikuwa anaweka picha za mavuno kwenye tovuti yao. Nikachungulia kioo chake.

WordPress.

Nilishamwamkia alipoingia, lakini nikajikuta nasema tena, "Shikamoo mama."

"Marahaba tena, mwanangu."

"Mama, si uliniwekea alama kwenye Joomla?"

Hakuona haya hata chembe. "Niliweka. Si ulikuwa umeivaa kifuani? Umekuja na baiskeli, na baridi ile, midomo imekupauka. Mgeni anapewa anachopenda, mwanangu. Ningekukatalia vipi huku unakunywa togwa yangu?"

Nilicheka mpaka mwenye duka akageuka. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini mimi niliiwamba kifuani kabisa.

Nilipofika nyumbani kicheko kikaniisha. Fomu nilikuwa nazo, zimesainiwa. Sikumwomba mtu adanganye. Mama Skola hana tabia ya kupeleka maneno. Naungama kwako, shajara, kwamba Jumapili kanisani nilikaa na wazo la kuziwasilisha vilevile, tangu wimbo wa kuingia hadi matangazo. Kilichonitoa huko ni kuwafikiria wanafunzi. Niliwaona wamemaliza miezi mitatu yangu, wanakwenda Kasense kuomba kazi, na Mama Skola anawafungulia ukurasa ambao hawajawahi kuuona. Nilijisikia vibaya, na nilistahili.

Jumatatu nikaanza raundi ya pili, sweta tupu. Safari hii sikuuliza mtu anatumia nini. Nilisema, "Nionyeshe unavyoweka habari ya leo," kisha nikanyamaza, kazi ambayo wanaonijua wanajua uzito wake.

Ilikuwa wiki tamu. Dada wa nyumba ya wageni alinipiga picha nikiwa na kikombe cha chai, akaiweka hapohapo: mgeni wetu wa leo. Akacheka mwenyewe kwa maneno yake. WordPress. Nyumba ya pili, WordPress. Joomla niliikuta shuleni, na mwalimu anayeitunza alikuwa amesahau neno la siri tangu Krismasi. Kasanga nikapiga simu. Kijana wa huko akakiri kwamba wao ni Drupal, safi sana, ila anayeiweza ni yeye peke yake. "Lakini ile fulana ilikukaa poa, dada," akasema. Wengine wote, WordPress tena.

Leo nimeweka mafungu yote mawili mezani kwa Mkuu, la kwanza na la pili, nikamsimulia bila kuficha, pamoja na Jumapili yangu. Mzee Nikodemo alicheka mpaka akavua miwani. Akazikusanya fomu za raundi ya pili, akazihesabu taratibu, halafu akanitazama.

"Na wewe mwalimu, umejihesabu? Ile shajara yako ya mtandaoni, unaandikia kwenye nini?"

Nikajishika kichwa.

Maana wewe, shajara yangu, uko kwenye WordPress. Mwaka wa pili sasa. Nilikuanzisha mchana mmoja kabla ya chai kupoa, bila semina, bila chozi, na sijawahi kukumbuka mfumo wako kwa sababu haujawahi kunisumbua. Nilizunguka mji mzima nikiuliza watu wanatumia nini, na jibu nilikuwa naliandikia mwenyewe.

Nikaomba fomu tupu, nikaandika jina langu, nikaweka alama mahali pake. Mkuu akaisaini, akaiweka juu ya zote. Darasa ni la WordPress, na bado ni langu.

Jumatatu naingia na sweta peke yake.